UZI: Wakubwa wa UN na mashirika ya maendeleo walipandaje? Mimi fundi maji wa Ngurdoto naweka hapa niliyoyaona

#1 Shangazi wa Machame (mleta uzi), Arusha

Wadau, habari za jioni.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Machame kwenye kipaimara cha binti wa kaka yangu. Watu walipokwisha kula, kijana mmoja wa ukoo wetu alinifuata nyuma ya turubai, kule akina mama walikokuwa wanasuuza masufuria, ameshika bahasha ya kaki. Ndani mna vyeti kumi na kimoja: shahada ya mipango ya miradi, kimoja cha ufuatiliaji na tathmini, na vilivyobaki ni vya semina za siku tatu tatu, jinsia, utawala bora, uandishi wa andiko la mradi. Akaniuliza: "Shangazi, nikitaka kuwa mkurugenzi wa shirika la kimataifa, au niende UN nifike juu kabisa, nipitie wapi?"

Nilimjibu harakaharaka kwa sababu wazee walikuwa wananiita. Halikuwa jibu. Nimerudi Njiro, leo siku ya tatu swali lile halijanitoka kichwani. Naliandika hapa kwa ajili yake na kwa ajili ya vijana wengine wa Arusha na Moshi wenye bahasha kama ile, maana najua ni wengi.

Kwanza mjue anayeongea. Nilianza mwaka 2001 kama fundi mdogo kwenye mradi wa kupunguza madini ya floraidi kwenye maji, huku Ngurdoto na vijiji vya chini ya Meru. Mnaoishi Arusha mnajua meno ya kahawia. Wengine mmeona na watoto wenye miguu iliyopinda. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kwetu kuna chemchemi ambazo zinapita kiwango hicho mara nyingi. Kazi yangu ilikuwa kuchoma mifupa ya ng'ombe kwenye tanuru ipatikane mkaa wa kuchujia. Mfupa usipoiva, maji yananuka. Ukiungua mno unakuwa mweupe pee, na ukiwa mweupe hauvuti floraidi sawasawa. Unatakiwa uwe mweusi wa kijivu. Mzee aliyenifundisha alikuwa anavunja kipande kwa koleo, anakiinua kwenye mwanga, anaangalia rangi ya ndani kabla hajasema lolote. Nilikaa kwenye tanuru lile miaka minne.

Shikeni hapo kwenye mkaa wa mifupa, nitarudi.

Sasa twende kwa wakubwa. Nimekaa nikawaorodhesha Watanzania na Waafrika wenzetu waliofika juu kwenye kazi hizi, nikajiuliza kila mmoja alianzia wapi. Mama Asha-Rose Migiro, Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa 2007 hadi 2012, ni mwanasheria, alifundisha sheria Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) na shahada ya uzamivu aliipata Konstanz, Ujerumani. (Na kwa watu wa Moshi: sekondari alisoma Weruweru. Mliopita pale enzi za Mama Kamm mnajua wasichana walivyokuwa wanapikwa.) Mama Anna Tibaijuka, aliyeongoza UN-Habitat, shirika la UN la makazi, pale Nairobi kuanzia 2000 hadi 2010, ni mchumi wa kilimo. Mama Gertrude Mongella, Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing 1995, ni mwalimu. Joyce Msuya, ambaye amekuwa naibu mkuu wa UNEP, shirika la UN la mazingira, kisha akahamia ofisi ya UN ya misaada ya kibinadamu, alisomea baiokemia na kinga ya mwili, halafu akakaa Benki ya Dunia miaka kama ishirini. Frannie Léautier, aliyekuwa makamu wa rais kwenye taasisi ya mafunzo ya Benki ya Dunia, ni mhandisi ujenzi wa Mlimani kabla hajaenda MIT. Vukeni mpaka Uganda: Winnie Byanyima wa UNAIDS, shirika la UN la UKIMWI, ni mhandisi wa ndege. Kofi Annan mwenyewe aliingia WHO pale Geneva mwaka 1962 kama ofisa mdogo wa bajeti.

Mnaona? Mwanasheria, mchumi wa kilimo, mwalimu, mtu wa maabara, wahandisi, mtu wa bajeti. Hakuna hata mmoja aliyeanza na "maendeleo". Kila mmoja alikuwa na fani ambayo ukimwamsha usiku wa manane anaifanya. Maendeleo yalikuja baadaye, kama mahali pa kuipeleka ile fani. Hili ndilo nililoshindwa kumwambia mtoto wetu nyuma ya turubai, kwamba bahasha yake imejaa namna ya kusimamia kazi, ila kazi yenyewe haimo.

Naomba nisieleweke vibaya. Mipango na tathmini ni elimu ya kweli na nawaheshimu wanaoifundisha. Ila ukiwa na miaka 25 na huna kitu unachokijua kwa mikono yako, utabaki kuwa mtu wa kujaza majedwali ya mwenzako, na mradi ukiisha unaisha nao.

Narudi kwenye mkaa. Mwaka 2012 nilikuwa meneja wa mradi wa maji, shirika la kimataifa, ofisi ya hapahapa Arusha, mkataba wa kitaifa. Likatoka tangazo la kazi Ethiopia, Bonde la Ufa, ambako nao wana floraidi kama sisi. Kwenye usaili walikuwepo watu wenye shahada zinazoning'inia mpaka magotini. Mwulizaji mmoja akauliza: mkaa ukitoka mweupe kwenye tanuru, tatizo ni nini na unafanyaje? Niliongea dakika kumi bila kupumua. Kiingereza changu kilikuwa cha Chuo cha Maji, hakikuwa cha kupendeza. Kazi nikapata. Yule mzee wa koleo ndiye aliyenipandisha ndege, na alifariki kabla sijarudi kumwambia.

Sasa hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hamwambiwi. Mkataba wa kitaifa na mkataba wa kimataifa ni nyumba mbili tofauti, na mlango kati yake ni mwembamba. Pale UN wafanyakazi wa ndani wako kwenye madaraja ya G, na wataalamu wa kitaifa wako kwenye NO-A mpaka NO-D. Wote hao wanaajiriwa kwa soko la nchi husika na kulipwa kwa viwango vya nchi. Wa kimataifa wako kwenye P-2, P-3, P-4, P-5, kisha D-1 na D-2, na juu yao wanakaa makatibu wakuu wasaidizi na wale wa chini ya Katibu Mkuu. Kwa kawaida P-3 anatakiwa uzoefu wa miaka 5, P-4 miaka 7, P-5 miaka 10, D-1 miaka 15. Ukipiga hesabu unaona mwenyewe kwamba hakuna njia ya mkato. Na ukikaa miaka 20 kwenye nyumba ya kitaifa, hata uwe hodari namna gani, hutamkuta mtu anakuja kukuhamisha. Mratibu Mkazi, yaani mkuu wa UN katika nchi, hapangiwi nchi yake mwenyewe. Wakurugenzi wa nchi wa mashirika makubwa nao kwa miaka mingi walikuwa watu wa kutoka nje. Siku hizi kuna mabadiliko, nayaona kwa macho, lakini polepole.

Kwa hiyo lazima utoke angalau mara moja. Na kutoka kwa mara ya kwanza si Geneva. Ni kule ambako wengine hawataki.

Nimechoka kidogo, na bado suala la fedha ambalo ndilo kubwa. Nitaendelea.

#2 Mdau wa Sakina

Umeshusha madini dada yangu. Naweka kambi hapa. Endelea, tafadhali usituache njiani kama nyuzi nyingine.

#3 Kijana wa Kibosho

Shikamoo mama. Uzi mzuri, ila naomba nikupinge kwa heshima zote. Hao uliowataja wengi wao hawakupanda kwa fani. Mama Migiro alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje kabla ya kwenda New York. Mama Mongella alikuwa waziri na balozi. Dk. Salim Ahmed Salim alikuwa balozi Misri akiwa na miaka 22, ndiyo safari yake ikaanza, mpaka akaongoza OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, 1989 hadi 2001. Hayo ni mambo ya serikali kukushika mkono. Sasa mtoto wa Kibosho ambaye baba yake ana migomba na vihamba viwili, serikali itamshika mkono saa ngapi? Mnatuambia tusome fani, tumesoma. Mimi ni mhandisi umeme. Natuma maombi mwaka wa tatu huu.

#4 Shangazi wa Machame

Marahaba mwanangu wa Kibosho. Umesema kweli na nakushukuru, maana ningeliacha hivihivi ningewapotosha watu.

Ngazi hii ina sehemu mbili. Kutoka chini mpaka D-2, kwa sehemu kubwa unaomba kazi, unafanyiwa usaili, unasubiri. Juu ya hapo ni siasa za mataifa. Viti vile Katibu Mkuu anateua akiangalia nchi, bara, jinsia, na serikali yako inasemaje. Vingine vinapigiwa kura kabisa. Mkurugenzi wa WHO Kanda ya Afrika anachaguliwa na nchi za kanda: Agosti 2024 walimchagua Dk. Faustine Ndugulile wetu, Mungu akamchukua Novemba kabla hajaanza kazi, na Mei 2025 wakamchagua Prof. Mohamed Janabi. Pale serikali ilizunguka kuomba kura. Lakini angalia tena walioombewa kura ni akina nani. Mmoja daktari, mwingine daktari bingwa wa moyo aliyejenga taasisi ikasimama. Serikali inamshika mkono mtu ambaye akisimama mbele ya wenzake haaibishi nchi.

Na kuna viti ambavyo mpaka leo mtu wetu hajawahi kukalia. Rais wa Benki ya Dunia siku zote ametoka Marekani, mkuu wa IMF siku zote ametoka Ulaya. Hilo halihusiani na fani wala juhudi zako, na linaniuma kila ninapolifikiria.

Kuhusu miaka mitatu ya maombi: mhandisi umeme usiombe "programu ofisa". Omba umeme. Pampu za jua za visima, majokofu ya chanjo, umeme wa kambi za wakimbizi. Kuna kazi za kujitolea za kimataifa za UN, wanachukua watu kuanzia miaka 27 wenye uzoefu, na wanalipwa posho ya kuishi. Wengi ninaowajua waliovuka ule mlango mwembamba walipitia hapo. Nijulishe umeomba nini mpaka sasa, tuangalie pamoja.

#5 Mhasibu wa Majengo, Moshi

Naomba niingie kwenye suala la fedha wakati mleta uzi anapumzika, maana ndiyo jikoni kwangu. Miaka 17 nahesabu fedha za wafadhili hapa Moshi na Arusha.

Nimeona mameneja wa miradi wakipanda na nimeona wakianguka. Walioanguka, karibu wote walikuwa wazungumzaji wazuri. Nitawapa mmoja bila kumtaja yeye wala shirika. Alikuwa kipenzi cha wageni, akisimama kwenye warsha ukumbi unatulia. Siku moja ameniletea orodha ya posho ya mkutano wa kijiji, watu 42, kila mmoja na sahihi. Nikaiweka mezani nikaitazama. Herufi "m" ilikuwa imeandikwa namna moja kwenye majina 19. Nikamwita. Hakuwa ameiba, nataka mlielewe hilo. Watu walikuja kweli, walilipwa kweli, ila karatasi ya asili ilinyeshewa na mvua wakiwa njiani kutoka Same, naye akaona ainakili upya na kuwasainia. Angeandika tu nusu ukurasa wa kueleza kilichotokea, mwenyekiti wa kijiji akagonga mhuri, yangeisha. Wakaguzi walipokuja gharama ile ilikataliwa, shirika likarudisha fedha, na yeye mkataba haukuongezwa. Shilingi zenyewe hazikufika hata bei ya pikipiki.

Wakurugenzi wote niliofanya nao kazi wakapanda juu, walikuwa na tabia moja: walisoma taarifa ya fedha wenyewe. Hawakuniita niwasomee. Walikuja na kalamu, wanauliza mstari kwa mstari, hata mstari wa maji ya kunywa. Kijana unayetaka kupanda, mwombe mhasibu wako akukalishe saa moja kila mwisho wa mwezi. Hatakunyima, atashangaa tu kuna mtu kaja kuuliza.

#6 Shangazi wa Machame

Mhasibu, Mungu akubariki. Sasa na mimi niseme yangu.

Mwaka 2008 tulikuwa kwenye kikao cha bajeti, chumba cha juu, joto. Mkurugenzi wa wakati ule, mama mmoja mkali wa kutoka nje, alifungua jedwali ukutani na kuuliza: kwa nini dizeli ya Longido imezidi kwa robo nzima ya bajeti? Kimya. Meneja wangu akatazama daftari lake. Mimi nilikuwa fundi mwandamizi, nimekaa nyuma kabisa kwa ajili ya kueleza mambo ya pampu tu. Nikanyoosha mkono. Nikasema: kisima kirefu cha pale maji yameshuka, tumeteremsha pampu mabomba manne, jenereta sasa inafanya kazi saa tisa kwa siku badala ya tano, na kila wiki naandika lita kwenye daftari hili. Nikampa daftari. Lilikuwa na madoa ya oili. Alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, sote tunasubiri. Mwezi uliofuata niliitwa kwenye kikao cha bajeti kwa jina langu.

Sikuwa nimesoma uhasibu. Nilikuwa najua kila shilingi ilifanya nini kule chini. Watu wengi wanajua fedha bila kujua kisima, wengine wanajua kisima bila kujua fedha. Anayejua vyote viwili ni adimu sana, na huyo ndiye wanayemtafuta wanapotafuta mkurugenzi. Baada ya miaka minane nikiwa Juba nasimamia bajeti kubwa kuliko zote nilizowahi kugusa, bado nilikuwa nafungua jedwali nikianzia kwenye mstari wa dizeli.

#7 Mama wa wawili, Soweto Moshi

Dada, nimesoma yote. Nina swali ambalo nimelibeba miaka mingi. Unasema lazima utoke, uende wengine wasikotaka. Mwaka 2016 mimi nilipata nafasi ya kwenda Afrika ya Kati. Ngazi ya kimataifa, fani yangu ni uuguzi na lishe. Kituo hakikuruhusu familia. Mwanangu mkubwa alikuwa darasa la nne, mdogo bado ananyonya. Nikaandika barua ya kukataa nikiwa nalia. Mwanamume tuliyefanya naye usaili alikwenda, na sasa hivi yuko juu, ana gari lenye bendera. Mimi niko palepale. Je, mimi nilikosea? Naomba jibu la kweli, la kunifariji sihitaji.

#8 Shangazi wa Machame

Nimelisoma mara nyingi kabla ya kuandika.

Hukukosea, dada. Na mimi niliyekwenda sina hakika kama nilipatia.

Nilipokwenda Ethiopia mwanangu alikuwa na miaka 9. Nilimwacha kwa mama yangu Machame, kwa sababu baba yake alikuwa kazini Mwanza. Mapumziko yangu ya kwanza nilikuja na begi limejaa nguo. Nikafika jioni, yuko jikoni na bibi yake wanamenya ndizi. Akainua macho akasema "shikamoo," kama anavyomsalimia mgeni wa bibi. Halafu akageuka kwa mama yangu akamwuliza, "Mama, niongeze maji?" Alimwita yeye mama. Mama yangu alinitazama, akashusha macho kwenye ndizi. Hatukuwahi kuliongelea.

Leo kijana ni mkubwa, tunapendana, anasoma. Lakini kuna miaka ambayo mimi na yeye hatuna hadithi moja. Hakuna cheo kilichonirudishia.

Mtu akisoma orodha ya wakubwa anaona majina na miaka, haoni nani alikuwa anabaki na watoto. Wanaume wengi niliofanya nao kazi walikuwa na mke nyumbani. Wanawake niliowakuta juu walikuwa na mama mzazi, au dada, au hawakuzaa, au watoto walikuwa wamekua. Ule mlango mwembamba niliousema, kwa mwanamke ni mwembamba zaidi, na wakubwa wa mashirika wanaoongelea usawa kwenye mikutano wanatakiwa waanzie hapa, kwenye vituo visivyoruhusu mtoto. Nimelisema hili kwenye vikao vya ndani na nitaendelea.

Ila uuguzi na lishe si fani ya kuzeeka. Mwanao mdogo sasa ana miaka mingapi, kumi? Kuna vituo vya kifamilia: Nairobi, Addis, Kampala. Usijifungie.

#9 Aliyekuwa ofisa mradi

Naomba kuuliza kitu kimoja tu. Ngazi mnayoifundisha bado ipo?

Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini kusitisha misaada ya nje. Siku chache tu baadaye tulipokea barua ya kusimamisha kazi, mimi na wenzangu, hapa Arusha. Mradi wa vijana na UKIMWI. Machi wakatangaza wamefuta 83% ya programu za USAID, shirika lao la misaada, na tarehe 1 Julai USAID yenyewe ikaacha kuwa shirika linalojitegemea. Uingereza nao wamesema watashuka mpaka 0.3% ya pato lao ifikapo 2027, wakati lengo lililowekwa UN mwaka 1970 ni 0.7%. UN yenyewe inapunguza watu. Mimi nina miaka 38, nimefanya kazi hii miaka 13, nina uzamili wa usimamizi wa miradi. Nauza vifaa vya shule soko la Kilombero, hapahapa Arusha. Siwaonei wivu, ila vijana waambiwe ukweli.

#10 Shangazi wa Machame

Pole sana ndugu yangu. Pole kwako na kwa wenzako, na kwa wale vijana wa mradi ambao hatujui sasa hivi dawa wanazifuata wapi.

Ukweli ni kwamba ngazi imekatwa vipande, vya katikati hasa. Nafasi za ofisa mradi na mratibu, ambazo ndizo watu wetu walikuwa wanapandia, ndizo zimekwenda kwa wingi. Mimi mwenyewe nimewapa barua watu niliowaajiri. Niliwapa mkononi, mmoja mmoja, na sikulala wiki ile.

Lakini naomba nikuonyeshe nilichokiona baada ya barua zile. Mpima maji wetu sasa yuko RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini. Muuguzi amerudi hospitali. Dereva fundi amefungua gereji Kisongo. Mhasibu alipata kazi kabla ya mwezi kuisha. Waliobaki wananipigia simu mpaka leo ni waratibu. Watu wazuri, wachapakazi, na hakuna anayejua awapeleke wapi kwa sababu ukiwauliza unafanya nini, jibu lao ni jina la mradi uliokufa.

Sisemi hivi kukulaumu. Ulifuata njia ambayo sisi tulikuonyesha, tulikuwa tunatangaza kazi tukiandika "shahada ya maendeleo au inayofanana nayo". Ni kosa letu pia. Miaka 13 na vijana wenye UKIMWI umejua mengi ambayo hospitali za wilaya zinayahitaji. Nitumie ujumbe faragha, kuna mtu nataka uongee naye.

#11 Mdau wa Sakina

Swali la haraka. Sisi wa Arusha tuna Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mahakama ya Afrika, ile taasisi ya posta ya Afrika, ofisi ya UN ya mabaki ya kesi za Rwanda kule Lakilaki. Kwa nini tusipandie hapahapa?

#12 Shangazi wa Machame

Mnaweza, ila mjue utaratibu. Jumuiya nafasi za kitaalamu zinagawanywa kwa mgao wa nchi wanachama, nao sasa ni wanane, kwa hiyo mgao wa Tanzania ukijaa unasubiri hata kama unaiona ofisi kutoka dirishani kwako. Mahakama ya UN ya kesi za Rwanda, iliyokaa AICC (kile kituo cha mikutano cha kimataifa hapa mjini) kutoka 1995 mpaka ilipofunga mwisho wa 2015, ilikuwa shule kubwa kwa mji huu. Nawajua wakalimani na watu wa kumbukumbu walioanzia pale kwa kazi ndogo na leo wako The Hague na New York. Tena ni fani hiyo, ukalimani na utunzaji wa nyaraka.

#13 Bahasha ya kaki

Shangazi, ni mimi wa nyuma ya turubai. Nimetumiwa uzi huu na binamu, nimejijua mstari wa kwanza. Sijakasirika. Nimekaa na kujiuliza nina nini ninachokijua nikiamshwa usiku. Nimeona kimoja tu. Tangu darasa la sita naandika daftari la kahawa la baba, na miaka miwili hii karani wa AMCOS yetu, chama cha ushirika cha wakulima, akiugua naitwa mimi kupima na kuandika mapokezi. Najua kahawa ikija na unyevu nikiishika. Nilidhani hiyo si kitu, sijawahi kuiweka kwenye CV.

#14 Shangazi wa Machame

Mwanangu.

Iweke mstari wa kwanza. Mnada wa kahawa ya nchi nzima ulikuwa Moshi kwa miaka mingi, Chuo Kikuu cha Ushirika kiko Moshi, shirika la kimataifa la kahawa liko London na linahitaji watu wanaojua kahawa inapopimwa kijijini. Kozi za ukaguzi wa hesabu za ushirika zipo, na mipango yako uliyosoma itakaa juu ya hapo vizuri.

Jumamosi hii nipo Machame. Vyeti viache nyumbani. Njoo na daftari la mapokezi la msimu uliopita, na lile la malipo ya wakulima, yote mawili. Nitakuja na Mhasibu wa Majengo, nimeshamwomba na amekubali. Tutaanzia kwenye kilo zilizopokelewa, tuone kama zinafika salama mpaka kwenye malipo.